Alikufa Bila Matatizo

Hotuba hii niliitoa mbele ya vijana wanaosomea tafsiri na watu wazima wanaojifunza Kiingereza. Nimeinyoosha kidogo ili isomeke, lakini mizaha nimeiacha ilivyokuwa.

Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana, hamjambo?

Nianze na aibu yangu mwenyewe, maana nisipoisema mimi yupo atakayeisema. Miaka ya mwanzo ya kazi hii nililetewa hati ya mirathi niitafsiri. Kiingereza cha wanasheria mnakijua: sentensi inaanza asubuhi, nukta inaonekana jioni. Ndani yake, kuhusu ndugu mmoja wa marehemu, kulikuwa na maneno matatu tu: "died without issue". Nikaandika bila kusita: alikufa bila matatizo. Tena nilijipongeza. Nilimwona mzee wa watu amelala zake usingizi, hakumsumbua mtu.

Hati ikarudi imezungushiwa wino mwekundu. Kumbe katika lugha ya mirathi "issue" ni kizazi: watoto, wajukuu, vitukuu. Mzee yule alikufa kwa amani au kwa taabu, hati haikujali. Ilichosema ni kwamba hakuacha mtoto, na kwa hiyo fungu lake linakwenda kwa wengine. Kwa neno moja nilikuwa nimeifuta sababu nzima ya hati ile kuandikwa.

Lakini lililoniuma zaidi ni hili. Ndani ya hati hiyohiyo mlikuwa na "intestate", mlikuwa na "probate", mlikuwa na "testator". Yote hayo niliyafungulia kamusi, na yote niliyapata sawasawa. Nilijikwaa kwenye neno nililolijua tangu nikiwa mwanafunzi, neno ninalolisikia redioni kila siku. Basi hilo ndilo nililokuja kusema leo, na nitalizunguka hadi mchoke: neno la Kiingereza litakalokuangusha si lile usilolijua. Usilolijua utalitafuta. Litakalokuangusha ni lile unalolijua maana moja, ukadhani umeshamalizana nalo.

Tena mara nyingi ni fupi. Toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, lililotoka mwaka 1989, liliorodhesha maana 430 za kitenzi "set" peke yake. Neno la herufi tatu! Baadaye wahariri wakiwa katika kuirekebisha kamusi hiyo walifika kwenye "run", nayo ikaipita: maana 645 za kitenzi. Wakati huohuo "photosynthesis", linalomtisha kila mwanafunzi, lina maana moja, na ukishaijua umelimaliza kweli.

Hebu itazameni hiyo "run". Pua "runs", yaani inatoka kamasi. Rangi ya kitambaa "runs", yaani inachuja. Mtu "runs for office", anagombea cheo. Na sentensi ninayoipenda kuliko zote: "He ran the company for ten years." Kuna mwanafunzi wangu aliyeandika kwamba bwana yule aliikimbia kampuni kwa miaka kumi. Nikamwambia, mwanangu, kinyume kabisa, ndiye aliyekuwa akiiendesha. Angeikimbia, pangekuwepo "from" katikati. Tofauti kati ya mkurugenzi na mtoro ni kaneno kamoja ka herufi nne.

Hapo naomba tutulie, maana ndipo penye kiini.

Sisi hatupaswi kuwashangaa Waingereza kwa kulipa neno moja maana nyingi. Tuna kaa, tuna paa, tuna panda, tuna kata. Mbona hatupotei? Hatupotei kwa sababu ngeli zinatulinda. Mtu akisema "kaa ameniuma", najua ni yule wa pwani mwenye magando. Akisema "kaa limeniunguza", najua ni la moto. Akiniambia "kaa hapa", natafuta kiti. "Paa amekimbia" na "paa linavuja" haviwezi kuchanganyika hata kwa mlevi. Kiambishi kidogo mbele ya kitenzi kimeshatutajia anayezungumziwa kabla hatujauliza.

Kiingereza hakina ngeli. Kiingereza cha kale kilikuwa na jinsia za nomino, kama Kijerumani kilivyo hadi leo, lakini zilikufa karne nyingi zilizopita. Sasa mtu aliyezoea kulindwa na ngeli akiingia katika lugha isiyo nazo, anajiona yuko nyumba isiyo na milango. Milango ipo. Ni midogo tu, na sisi tumezoea kuipita bila kuitazama. Mmoja ni "a", na mwingine ni "s" ya mwisho.

Chukueni "iron". Bila "a" ni chuma. Ukisema "an iron", ni pasi. "Glass" ni kioo. "A glass" ni bilauri. "Paper" ni karatasi, lakini "a paper" ni gazeti, au makala ya kitaalamu, au mtihani. "Work" ni kazi. "A work" ni kitu kilichotungwa, kitabu au mchoro. "Room" ni nafasi, na "a room" ni chumba. Mgeni anayeambiwa "there is no room" anaweza kuwa anaambiwa kwamba gari limejaa. Anayeambiwa "there are no rooms" yuko mbele ya mhudumu wa hoteli, na usiku ule atahangaika.

"Oversight" nalo litazameni vizuri, kwa sababu limeshawaaibisha wakubwa. Bila "an" ni usimamizi: bodi ina kazi ya "oversight". Ukiliwekea "an" mbele, mara nyingi ni kosa la kusahau, jambo lililokupita machoni. Sasa fikirieni taarifa ya mwaka ambayo mwenyekiti anajisifu kwamba mradi wote umekamilika "because of an oversight by the board". Alitaka kusema bodi ilisimamia. Amesema bodi ilizubaa. Na ya kuchekesha, huenda yote mawili ni kweli.

Halafu kuna "experience". Neno hili likiwa halihesabiki ni uzoefu. Likihesabika ni mambo yaliyokupata. Nimesoma barua nyingi za kuomba kazi zenye "I have many experiences in accounting". Mwandishi anataka kusema ana uzoefu mkubwa wa uhasibu. Msomaji wake anapata picha ya mtu aliyepatwa na visa vingi katika uhasibu, na anaanza kujiuliza ni visa gani.

Na "few"? "A few friends came" ni mtu aliyeridhika: marafiki kadhaa walifika. "Few friends came" ni mtu anayelalamika: waliofika ni wachache mno. Ni "a" tu iliyohama, na huzuni imeingia.

Sasa "s". "Arm" ni mkono, na "arms" inaweza kuwa mikono au silaha. "Custom" ni desturi. "Customs" inaweza kuwa desturi nyingi au forodha. "Good" ni wema; "goods" ni bidhaa. "Minute" ni dakika, na "the minutes" za kikao ni kumbukumbu zake. Mtu akisema amezisoma "minutes", hakuwa akitazama saa. Ila linaloniogopesha zaidi ni "damages". "Damage" ni uharibifu. "Damages" katika sheria ni fidia. "The court awarded damages": mahakama iliamuru alipwe fidia. Nimewahi kuliona limetafsiriwa "mahakama ilitoa uharibifu", na sikucheka sana, nikiikumbuka hati yangu ya mirathi.

Nikisema "maana nyingi", wengine wanafikiri zote ni ndugu. Si hivyo. Kuna maana zinazozaliana, kama sisi tunavyosema mguu wa meza au mdomo wa chupa. Ndivyo na "mouth" ya mto, ndivyo na "head" ya ofisi. Hizo ukikisia utapatia. Kisha kuna maneno yaliyotoka mbali mbali yakakutana njiani yakiwa yamevaa sare moja. "Pen" ya kuandikia ilitoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya unyoya, kwa kuwa watu waliandika kwa manyoya ya ndege. "Pen" nyingine ni zizi, ni Kiingereza cha kale, na haina undugu wowote na unyoya. "Bat" ni popo na ni gongo la kuchezea. Hizi hazikisiwi. Unazikariri, basi.

Kuna mtego mwingine ambao ni wetu sisi hasa, tunaosoma Kiingereza tukitokea Kiswahili. Neno la Kiingereza linapohamia kwetu huja na begi moja. Mabegi mengine hubaki kwao. Tuliipokea "board" tukaiita bodi, tukampa kiti wakurugenzi wake. Lakini huko kwao "board" ni ubao pia, na ni kupanda meli au ndege, na katika "room and board" ni chakula. Tuliipokea "case", ikawa kesi, na kesi kwetu ni ya mahakamani. Kwao "case" ni mgonjwa mmoja, ni kasha, ni hali, ni mfano. Ndiyo maana mwandishi makini akikuta "new cases of cholera" anaandika visa vipya vya kipindupindu, na asiye makini anaandika kesi mpya, kana kwamba kipindupindu kimefikishwa kizimbani. Tuliipokea "charge" kwa ajili ya simu, tukasema chaji. Huko kwao, betri "is charged", mshtakiwa "is charged with theft", mteja "is charged for delivery", msimamizi yuko "in charge", na nyati akikurukia naye "charges". Tazameni jinsi maneno jirani yanavyofanya kazi ya ngeli: "with" inaleta mashtaka, "for" inaleta malipo, "in" inaleta madaraka.

Mtego huo una upande wa pili. Yapo maneno yetu mapana ambayo Kiingereza kimeyakata vipande. Kwetu kuazima ni kote kuwili: mimi nimeazima kalamu kwako, nawe umeniazima. Kiingereza kinataka "borrow" kwa anayepokea na "lend" kwa anayetoa, ndiyo maana "borrow me your pen" inamfanya Mwingereza akunje uso. Kwetu kusikia ni kwa masikio, pua, ngozi na tumbo: tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia baridi, tunasikia njaa. "Hear" ni ya masikio tu. Na mkono wetu unaanzia begani hadi kwenye kucha, wao wameugawa kuwa "arm" na "hand". Mbele ya daktari ugawaji huo si mchezo. Ukisema umeumia "hand" ilhali uliovunjika ni mfupa wa juu ya kiwiko, utapigwa picha ya kiganja.

Matamshi nitayapita haraka, ingawa yana mambo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara. Tuna maneno machache yanayokaidi, kama barabara: mkazo ukikaa mahali pake pa kawaida ni njia, ukirudi nyuma silabi moja ni sawasawa kabisa. Kwetu hilo ni kituko cha kuonyeshana. Kwa Waingereza ni mchezo wa kila siku. "Record" mkazo ukiwa mwanzoni ni nomino, ukiwa mwishoni ni kitenzi. Ndivyo "present", ndivyo "object". "Invalid" mkazo mwanzoni ni mgonjwa asiyejiweza. Katikati ni kitu kisicho halali. Mkizungumza, kuweni waangalifu msije mkamwita mgonjwa wa mtu kuwa batili.

Sasa niwaeleze kwa nini mimi silichukulii jambo hili kama la kuchekeshana tu.

Tarehe 27 Machi 1977, kwenye kisiwa cha Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana juu ya njia ya kurukia. Watu 583 walikufa. Sababu zilikuwa nyingi: ukungu, haraka, redio kuingiliana. Lakini katikati yake kuna maneno. Ndani ya ndege ya KLM, shirika la Uholanzi, rubani msaidizi alisema redioni, kwa Kiingereza kisicho lugha yake ya kwanza, kwamba sasa wako "at take-off". Mwongozaji wa ndege, aliyekuwa mnarani, akaelewa: wako mahali pa kurukia, wanasubiri. Ndege ilikuwa imeshaanza kukimbia. Mwongozaji akajibu "OK", akaongeza kuwa wasubiri, na sehemu hiyo ya pili ikamezwa na mlio wa redio. "OK", nayo, ni ndiyo au ni nimesikia?

Na mwaka 1989, tarehe 19 Februari, ndege ya mizigo ya Flying Tiger ilikuwa ikikaribia Kuala Lumpur. Mwongozaji aliiambia ishuke "two four zero zero", yaani futi 2,400. Ndani ya ndege walisikia "to four zero zero", ishuke hadi 400. Ikagonga kilima, na wote wanne waliokuwamo wakafa. "Two" na "to", jamani. Mtoto wa darasa la kwanza anayajua yote mawili.

Kilichonivutia ni dawa waliyoitumia watu wa anga. Hawakuwafundisha marubani maana nyingi zaidi. Walizikata. Siku hizi mwongozaji halitamki "take-off" isipokuwa anapotoa ruhusa yenyewe ya kuruka au anapoifuta. Kwa mengine yote husema "departure". "Roger" ina maana moja tu, nimepokea ujumbe wako, wala si ndiyo. "Right" imeachiwa upande wa kulia, na anayetaka kusema sawa husema "correct" au "affirm". Walichofanya ni kulivua neno mabegi yake yote likabaki na moja.

Sisi tunaoandika barua na ripoti hatuwezi kuifanya lugha yote kuwa ya marubani, ingekosa ladha. Lakini pale penye fedha, dawa, tarehe au sheria, ninawasihi mkate. Msiandike "biweekly", kwa sababu ni mara mbili kwa wiki na pia ni kila wiki mbili, na hata Waingereza wenyewe wanagombana. Andikeni "twice a week", au "every two weeks". Msiandike kwamba kamati "sanctioned" jambo, kwa kuwa "sanction" ni kuidhinisha na ni kuadhibu. Kuna "approved" na kuna "punished", mojawapo litawatosha. "Since" ikiweza kusomeka kama tangu na kama kwa sababu, wekeni "because". Katika karatasi za hospitali, kumbukeni "positive" si habari njema bali ni kwamba kilichokuwa kikitafutwa kimeonekana, na "chronic" ni ugonjwa wa muda mrefu, uwe mkali au mpole.

Mahakamani nako neno linapimwa hivyohivyo. Mwaka 1960, mjini New York, kesi moja ya kibiashara ilifika mbele ya Jaji Henry Friendly, naye akaifungua hukumu yake kwa swali ambalo wanafunzi wa sheria hulisoma mpaka leo: "The issue is, what is chicken?" Kumbe hata hapa "issue" ipo, na safari hii si kizazi! Mnunuzi wa Uswisi alikuwa ameagiza "chicken" kutoka Marekani. Alitaka kuku wachanga wa kuchoma na kukaanga. Alipelekewa, miongoni mwao, kuku wazee wa kuchemsha muda mrefu. Muuzaji akasema kuku ni kuku. Nao katika simu zao za maandishi walikuwa wakiwasiliana zaidi kwa Kijerumani, lakini neno "chicken" waliliweka kwa Kiingereza, kwa sababu mnunuzi aliamini kwamba Kiingereza kinabana maana ambayo neno la Kijerumani limeiacha wazi. Zilifunguliwa kamusi, wakaitwa wafanyabiashara, zikasomwa kanuni za serikali. Mnunuzi akashindwa, maana hakuweza kuthibitisha kuwa neno lile lilibeba maana yake finyu tu. Dawa ingekuwa neno moja la ziada kwenye mkataba: "young".

Kesi nyingine siipendi kuisimulia, lakini nitaisimulia. Usiku wa tarehe 2 Novemba 1952, Croydon, Uingereza, vijana wawili walikutwa na polisi juu ya paa la ghala. Christopher Craig, miaka 16, alikuwa na bastola. Derek Bentley, miaka 19, alikuwa ameshashikwa na askari pale Craig alipompiga risasi askari mwingine, Sidney Miles, akamuua. Polisi walitoa ushahidi kwamba mapema Bentley alipaza sauti: "Let him have it, Chris." Upande wa mashtaka ukasema hiyo ni amri ya kupiga. Lakini maneno hayohayo yanaweza kuwa: mpe askari hiyo bastola anayoidai. Vijana wote wawili walikana kwamba yalisemwa kabisa. Craig hakuwa na umri wa kunyongwa. Bentley alinyongwa tarehe 28 Januari 1953, na tarehe 30 Julai 1998 Mahakama ya Rufaa ikaifuta hatia yake, ikisema jaji wa mwaka ule hakuwaongoza wazee wa baraza kwa haki. Katika sentensi ile neno lenye maana mbili ni lipi? Ni "it". Herufi mbili. Ni bastola, au ni risasi? Hata kwetu, watu wakizunguka ugomvi mtu akipiga kelele "mpe!", hajamaanisha zawadi.

Wengine mtaniuliza, je, Waingereza na Wamarekani wao wanaelewana? Hapana, si kila mara. Winston Churchill anasimulia katika kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili kwamba maofisa wake na wale wa Marekani walibishana kwa muda mrefu juu ya hati fulani. Waingereza walitaka "to table" hati ile, na kwao hiyo ni kuiweka mezani ijadiliwe sasa hivi. Kwa Wamarekani "to table" ni kuiweka kando. Wakabishana kwa hamaki, kumbe wote walitaka kitu kimoja. "Billion" ilikuwa hivyohivyo: Uingereza kwa jadi ilikuwa milioni mara milioni, Marekani milioni elfu moja, hadi Desemba 1974 Waziri Mkuu Harold Wilson alipolitangazia Bunge kwamba serikali yake itafuata hesabu ya Kimarekani. Kwa hiyo ukisoma kitabu cha Kiingereza cha zamani chenye "billion", tazama kwanza kilichapwa wapi na lini.

Baada ya hapo ulikuwa wakati wa maswali. Nayaweka mawili.

Kijana mmoja aliuliza kama haya yote yana faida tena, maana siku hizi simu inatafsiri. Nilimjibu kwa sentensi ya mwaka 1960 ya mwanazuoni Yehoshua Bar-Hillel, aliyekuwa akieleza kwa nini tafsiri ya mashine ni kazi ngumu: "The box was in the pen." Mtoto alikuwa analitafuta sanduku lake la vitu vya kuchezea, akalipata ndani ya "pen". Kalamu haimezi sanduku, kwa hiyo ni kale kazizi ka mbao anamowekwa mtoto acheze. Kamusi haikwambii hivyo. Unalijua hilo kwa sababu umewahi kuona kalamu na umewahi kuona sanduku. Mashine za leo zimesogea mbali, kwa kuwa nazo zimejifunza kutazama majirani wa neno. Lakini ipe kipande kisicho na majirani, kichwa cha habari au kisanduku cha fomu, itakisia, na itakisia kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Mimi nilifanya vivyo hivyo na "issue", tena bila umeme.

Dada mmoja akauliza afanye mazoezi gani. Nikamwambia aache daftari la maneno, aanzishe daftari la sentensi. Na akifungua kamusi ashuke hadi chini ya orodha, kwa sababu maana ya kizazi ya "issue" haikai mstari wa kwanza. Kisha nikaandika ubaoni maneno manne, nikawaomba wote waniambie yana maana gani: "The party was charged."

Wakaanza. Chama kimeshtakiwa. Chama kimetozwa pesa. Upande mmoja wa mkataba umetozwa. Sherehe ilikuwa na msisimko mkubwa, akasema binti wa safu ya mbele, na nikakubali ingawa alijua ananinyanyasa. Nilikuwa nimeandika maana nne kwenye karatasi yangu, nikadhani zimekwisha. Mzee aliyekaa karibu na mlango, ambaye muda wote alikuwa kimya, akanyoosha mkono akasema: kundi la wawindaji limerukiwa na nyati.

Nyati nilikuwa nimemtaja mwenyewe, saa nzima iliyopita. Sikuwa nimemwandika.